Emin Pasha, Gavana wa Lado, na Bastola Iliyokuwa Mezani

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, uko mtaa uitwao Juba Na Bari. Jina hilo humkumbusha kila apitaye kwamba ukingo ule wa mto Nile ni nchi ya Wabari tangu kale. Mji wenyewe ni mchanga. Waingereza walianza kuujenga katika miaka ya 1920, na tarehe 9 Julai 2011 ukawa makao makuu ya taifa huru. Lakini kabla Juba haijawa mji, vilikuwako karibu yake vituo vitatu ambavyo habari zake zilisomwa hata Ulaya: Gondokoro ng'ambo ya mashariki, Rejaf upande wa kusini, na Lado upande wa kaskazini. Huko Lado alikaa gavana mmoja aliyekuwa kwanza daktari, kisha mkusanyaji wa ndege na mimea, na askari kwa nafasi ya mwisho kabisa. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Emin Pasha.

Tumechagua kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu huyu kwa sababu ya swali lisilokwisha katika mabwalo ya maofisa na katika vituo vya mbali: ofisa aingiapo porini, bastola iliyo kiunoni mwake humlinda kwa kadiri gani? Vitabu vya mafunzo hulijibu kwa maneno ya jumla. Emin Pasha aliishi katika bara hili la ndani kwa muda wa miaka kumi na sita, akizungukwa na hatari za kila namna, na siku yake ya mwisho ilimkuta ameketi kitini, bastola yake ikiwa mbele ya macho yake.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizo ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia na leo huitwa Opole nchini Polandi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, mama akaolewa tena, na kijana akabatizwa na kulelewa katika mji wa Neisse. Alihitimu udaktari mwaka 1864, lakini akazuiliwa kufanya mtihani wa serikali ambao ungempa ruhusa ya kutibu watu katika nchi yake. Akafunga mizigo, akaenda kuitumikia dola ya Waturuki. Miaka ya ujana wake katika nchi ya Albania tutaipita upesi, kwa kuwa haina mengi ya kutufaa hapa, ila kwamba huko alijifunza lugha nyingi na tabia ya kuishi miongoni mwa wageni kama mwenyeji. Mwaka 1875 alirudi Neisse, kisha siku moja akaondoka bila ya kuwaaga ndugu zake. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa Khartoum, akijiita Mehemet Emin.

Gavana wa jimbo la Ikweta wakati huo alikuwa Mwingereza Charles Gordon, aliyekuwa akimtumikia Khedive, yaani mtawala wa Misri. Gordon ndiye aliyeyahamisha makao ya jimbo kutoka Gondokoro hadi Lado. Alipopata habari za daktari huyu alimwita, na mwaka 1876 Emin akafika Lado akiwa mganga mkuu wa jimbo. Haukupita muda akaanza kutumwa kazi zisizohusu dawa. Alikwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1876, na mwaka uliofuata akaenda Bunyoro kwa Omukama Kabarega.

Safari hii ya pili yataka tuisimamie kidogo. Miaka mitano tu nyuma, Kabarega alikuwa amemfukuza kutoka Masindi Mwingereza mwingine, Samuel Baker, aliyekuja na bendera ya Misri na kutangaza kwamba nchi ya Bunyoro sasa ni mali ya Khedive. Juni 1872 Baker alilazimika kurudi nyuma kwa miguu, muda wa wiki moja, katika majani marefu kupita kimo cha mtu, huku mikuki ikirushwa kutoka pande zote mbili za njia. Mkewe Florence alitembea katika safu akiwa na bastola ya Colt mkandani. Wapenda masimulizi wa Ulaya waliipenda sana bastola hiyo ya bibi. Sisi twaona kwamba iliyowatoa salama ni nidhamu ya askari wapatao mia moja wenye bunduki, Wamisri na Wasudani, waliokwenda kwa mpango, kila mtu akijua upande wake wa kuangalia. Bastola ya Florence ilikuwa ya saa ile ambayo safu ingevunjika. Safu haikuvunjika.

Basi Emin aliingia nchi hiyo hiyo, kwa mfalme huyo huyo aliyekuwa na kila sababu ya kumshuku mtumishi wa Khedive. Alikwenda na watu wachache, akaleta zawadi, akakaa na kuongea, akasikiliza. Kabarega alimpokea vizuri, na Emin akaondoka akimsifu kuwa mtawala mwenye akili na adabu. Hatusemi kwamba Emin alikuwa rafiki wa uhuru wa Waafrika. Alikuwa ofisa wa dola iliyokuja kutawala, na Kabarega alikuwa akiitetea nchi yake, kama alivyoendelea kuitetea mpaka Waingereza walipomteka mwaka 1899. Tunachosema ni cha kiaskari tu: watu wawili walipita njia moja, na yule aliyepita na silaha chache ndiye aliyerudi bila ya kupoteza mtu.

Mwezi wa Julai 1878 Gordon, ambaye sasa alikuwa Gavana Mkuu wa Sudan nzima, alimfanya Emin kuwa gavana wa Ikweta. Hapo Lado, katika nchi ya Wabari waliokuwa wamechoshwa na misafara ya pembe na watumwa tangu miongo miwili na zaidi, daktari huyu mwembamba mwenye miwani akaanza kazi ya utawala. Macho yake yalikuwa mabovu mno. Ili asome ilimbidi karatasi aisogeze karibu na pua. Mtu wa namna hiyo si mpiga shabaha. Hata hivyo alisafiri jimbo zima, kituo hadi kituo, kutoka Lado hadi Rejaf, Kiri, Muggi, Labore, Dufile na Wadelai. Aliwafukuza wengi wa wafanya biashara ya watumwa, akahimiza kilimo cha pamba na mpunga, na katika miaka michache jimbo lililokuwa mzigo kwa hazina likaanza kuleta faida.

Ulinzi wake ulikuwa nini? Kwanza, mlolongo wa vituo vyenye maboma, kila kimoja umbali wa siku moja au mbili kutoka chenzake, hivi kwamba msafara haukulala porini mara nyingi. Kisha askari wa batalioni mbili, wengi wao Wasudani wenye bunduki za Remington, waliokuwa na wake, watoto na mashamba katika nchi ile ile. Tena, jambo ambalo halikuandikwa katika orodha yoyote ya vifaa, yalikuwako mazoea. Emin aliwatibu watu. Alizijua lugha, aliwajua machifu kwa majina, na ugomvi mdogo aliusikiliza kabla haujawa mkubwa.

Mwaka 1881 Mahdi aliinua bendera yake nchini Sudan. Mwaka 1883 meli ya moshi ya mwisho kutoka Khartoum ilitia nanga Lado, na baada ya hapo mto ukafungwa. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Emin akabaki peke yake, gavana wa jimbo lisilo na serikali juu yake. Aliyahamishia makao yake kusini, Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Watu wake walisuka nguo za pamba yao wenyewe, wakashona viatu vya ngozi waliyoitengeneza, wakatumia asali mahali pa sukari, na mbegu za mmea wa jamii ya bamia ya mwitu mahali pa kahawa. Mishahara haikuwako. Askari wa Batalioni ya Kwanza, waliobaki upande wa Rejaf, wakaanza kuzikataa amri zake. Hapo ndipo nguzo ya ulinzi wake ilipoanza kuliwa na mchwa.

Habari za msafara wa Stanley uliokuja kumwokoa zimeandikwa mno, nasi hatutazirudia. Uliondoka Zanzibar Februari 1887 na wapagazi mamia wa pwani, ukazunguka kwa njia ya Kongo, ukafa watu wengi katika msitu wa Ituri, na Stanley akaonana na Emin kwenye Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888. Alimletea masanduku ya risasi za Remington na barua ya Khedive iliyowaruhusu askari kuondoka. Barua hiyo iliwasha moto. Askari walijua njia moja tu ya kwenda Misri, nayo ni Khartoum. Wakashuku kwamba wanapelekwa kwenda kuuzwa kwa Waingereza.

Agosti 1888, huko Labore, Emin alisimama mbele ya kikosi pamoja na Mwingereza Jephson, ofisa wa Stanley, wakiisoma barua hiyo. Askari mmoja alitoka mstarini akasema wazi kwamba yote ni uongo. Emin akamrukia, akajaribu kumnyang'anya bunduki kwa mikono yake. Mara mistari ikavunjika, askari wakawazunguka na bunduki zenye risasi. Gavana akachomoa upanga wake. Ofisa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya askari wenye hasira ataelewa upanga ule ulikuwa na maana gani: haukuwa na maana yoyote. Kilichowaokoa ni zogo lililowavuta askari upande mwingine, kisha Jephson akawaendea na kuongea nao hadi wakapoa. Siku chache baadaye, Dufile, wote wawili wakawekwa kizuizini na askari wao wenyewe. Gavana wa miaka kumi akavuliwa cheo na watu aliowalisha na kuwatibu.

Waasi hao hao, Mahdi walipoiteka Rejaf na kuja Dufile mwezi wa Novemba, walipigana kishujaa na kuwarudisha nyuma. Hawakuwa waoga wala wahuni. Walikuwa askari ambao hawakuamini tena neno la juu, na ofisa aliyepoteza imani ya askari wake haiwezi kurudishwa kwake na silaha ya kiunoni, hata iwe nzuri vipi.

Emin alifunguliwa, akaondoka na Stanley Aprili 1889, na tarehe 4 Desemba mwaka huo msafara ukaingia Bagamoyo. Jioni ile Wajerumani waliwafanyia karamu. Mtu aliyenusurika na Mahdi, na waasi, na njaa ya bara, hakuliona vizuri dirisha la ghorofani, akapita na kuanguka chini, akapasuka fuvu. Alilazwa hospitali ya Bagamoyo kwa majuma mengi.

Alipopona hakurudi Ulaya. Alijiunga na Wajerumani, na Aprili 1890 akaondoka tena Bagamoyo kuelekea bara. Alipandisha bendera yao Tabora, na Novemba 1890 akaanzisha kituo cha Bukoba. Kisha akaanza kufanya mambo ambayo kwa macho ya kijeshi hayana utetezi. Aliamriwa kurudi, hakurudi. Mwaka 1891 alikwenda magharibi hadi karibu na Ziwa Albert kuwatafuta askari wake wa zamani waliokuwa na Selim Bey. Wengi walimkataa, Selim alijihesabu bado kuwa mtumishi wa Khedive. Punde baadaye Lugard aliwachukua askari hao na jamaa zao kuwapeleka Uganda, na kutoka kwao kikatokea kiini cha jeshi la Uganda Rifles, lililoingizwa katika King's African Rifles mwaka 1902. Msomaji wetu ambaye babu yake alivaa kofia ya K.A.R. atambue kwamba sehemu ya ukoo huo wa kijeshi ilitoka Lado, Rejaf na Dufile.

Ndui ikaingia kambini mwa Emin. Desemba 1891 alimwamuru msaidizi wake, Stuhlmann, aondoke na watu wazima wa afya, yeye akabaki na wagonjwa. Katika hilo hatuna budi kumpa heshima yake. Machi 1892 akaanza safari ya kuvuka msitu kuelekea mto Kongo, akiwa amefuatana na watu wa wafanya biashara wa Kimanyema na Kiarabu. Macho yake yalikuwa karibu kuzimika.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Wajerumani walikuwa wamemnyonga Bushiri huko Pangani Desemba 1889, na habari hiyo ilikuwa imefika mbali. Mwaka 1892 huo huo vita vilifumuka baina ya Waarabu wa Kongo na serikali ya Mfalme Leopold. Mzungu aliyevuka nchi ile na kikundi cha wagonjwa, akitegemea hisani ya watu ambao ndugu zao walikuwa vitani, alikuwa akitembea juu ya utando wa buibui.

Mwezi wa Oktoba alifika kijiji cha chifu Kinena, siku chache za mwendo kutoka kituo cha Kibonge kilichokuwa kwenye mto Kongo, kusini ya Kisangani ya leo. Mkuu wa kituo hicho, naye akiitwa Kibonge, alikuwa amempelekea barua ya kumkaribisha na kumwahidi njia salama. Emin aliiamini. Baadaye ikaja barua ya pili, isiyoandikwa kwake, iliyomtaka Kinena amwue.

Yaliyotokea asubuhi ile twayajua kwa maungamo ya wauaji wenyewe, waliyoyatoa mbele ya Mohun, mjumbe wa Marekani nchini Kongo. Kinena alimshauri Emin awaruhusu askari wake waende mashambani kuchuma ndizi na muhogo wa safari, bila ya malipo, kama takrima. Wakaenda. Bunduki waliziacha barazani. Nani huchuma ndizi na bunduki begani katika kijiji cha mwenyeji wake? Emin akaketi mezani akiandika, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila siku, na juu ya meza, kati ya karatasi, ilikuwako bastola. Watu wawili wa Said bin Abed, mfanya biashara mkubwa wa sehemu zile, walikuwa wamesimama kando yake, mmoja kulia na mmoja kushoto. Majina yao ni Ismaili na Mamba. Kwa ishara ya Kinena wakamkamata mikono. Akageuka kuwauliza wanataka nini. Kinena akamwambia kwamba amri imekuja afe. Emin aliunyosha mwili wake kuifikia bastola. Wakamrudisha kitini kwa nguvu.

Alidhani kuna makosa, akaitaja barua ya kwanza. Kinena akamwonyesha ya pili. Akaisogeza karibu na macho kama kawaida yake, akaisoma mpaka mwisho, akaona ni kweli. Wakamlaza chini, Mamba akafanya kazi aliyotumwa.

Wako wasemao kwamba laiti bastola ingalikuwa kiunoni, mambo yangalikuwa mengine. Tuipime hoja hiyo kiaskari. Bastola ni silaha ya hatua ishirini na ya sekunde chache. Humfaa mtu anayemwona adui akija, mwenye mkono ulio huru, na mwenye wenzake watakaosikia mlio na kufika. Emin hakuona zaidi ya urefu wa mkono wake, watu wawili walikuwa tayari wamemgusa mabega, na wenzake wote walikuwa mashambani na vikapu. Tunakubali kwamba silaha ya ofisa haiwekwi mezani mbele ya mgeni. Kuruti wa juma la kwanza hufundishwa hivyo, na ni amri nzuri. Lakini mauti ya Emin yalikwisha kukamilika barazani, bunduki zilipoegemezwa ukutani bila ya mlinzi hata mmoja kubaki nazo. Na tukitaka kwenda nyuma zaidi, yalianza pale alipokubali kwamba karatasi yenye ahadi yatosha kuwa ulinzi katika nchi iliyo vitani.

Yule Emin wa 1877, aliyekwenda kwa Kabarega na watu wachache, naye pia aliamini. Tofauti ni kwamba wakati ule nyuma yake palikuwa na vituo na batalioni, na mfalme aliyekaa mbele yake alikuwa na haja ya amani. Huko Kinena hakuna mtu aliyekuwa na haja ya amani naye.

Vita vya Kongo vilipokwisha kuwaendea vibaya Waarabu, Ismaili na Mamba walikamatwa, wakaungama, na mwezi wa Mei 1894 wakanyongwa Kasongo. Kibonge alipigwa risasi mwanzoni mwa 1895. Lado nayo iliingia mikononi mwa Leopold, ikakaa huko mpaka 1910, kisha ikarudishwa kwa watawala wa Sudan.

Shajara za Emin zilipatikana, na Stuhlmann akazitengeneza zikachapishwa Ujerumani. Binti yake Ferida, aliyezaliwa katika jimbo la Ikweta kwa mama Mhabeshi na kuachwa pwani baba alipofunga safari ya mwisho, alipelekwa Neisse, akalelewa na shangazi yake katika mji ule ule ambao baba yake aliuacha mwaka 1875 bila ya kuaga.